Riba, Rehani na Jirani

Yako maneno ambayo kwa kurudiwa sana hupata heshima ya kweli pasipo kuwa kweli. Mojawapo ni hili lisemwalo katika mimbari nyingi za Dar es Salaam, na kukaririwa hata na watu waliosoma, kwamba Uyahudi ni dini ya sheria na Ukristo ni dini ya upendo; kwamba Mungu wa Torati ni mkali na Mungu wa Injili ni mpole; na kwamba Mkristo, kwa kuwa amekombolewa, hawiwi tena kitu na kitabu cha Musa. Makusudi ya insha hii ni kulipinga neno hilo. Silipingi kwa sababu tu ni kosa la elimu, ingawa ni kosa la elimu. Nalipinga kwa sababu ni kosa lenye faida, na faida yake humwendea mtu asiyestahili. Kila mara sheria inapoondolewa ili upendo ubaki peke yake, maskini ndiye anayepunjwa. Kwa maana upendo wa tajiri ni hiari ya tajiri, bali sheria ni haki ya maskini.

Nitaonyesha hayo kwa jambo moja, nalo ni mkopo. Ningaliweza kuchagua ujira wa kibarua, au mizani ya sokoni, au makaribisho ya mgeni, kwa kuwa katika hayo yote Wayahudi na Wakristo wana amri moja. Nimechagua mkopo kwa sababu ndio unaowauma leo watu wa Temeke na Kinondoni, na kwa sababu hapana pengine ambapo urithi wa dini hizi mbili ni bayana zaidi, na hapana pengine ambapo umesahauliwa zaidi.

Katika Tandika, Mbagala, Yombo na Keko, kama katika Tandale, Mwananyamala na Hananasif, umeenea mkopo ambao wananchi wenyewe wameupa jina: kausha damu. Jina hilo halikutungwa na wanazuoni. Limetungwa na waliokaushwa. Na tufanye hesabu ya mfano, ili mambo yasibaki hewani. Tuseme mama lishe mmoja aomba shilingi 100,000. Hukatwa 10,000 za fomu, akapewa 90,000 mkononi. Kisha hutakiwa kulipa 4,500 kila siku kwa siku 30. Ikifika siku ya 20 amekwisha kurudisha kila senti aliyoipokea. Siku kumi zilizobaki huinjika chungu chake alfajiri, hupuliza moto, hukaanga na kuosha masahani, si kwa ajili ya wanawe, bali kwa ajili ya mtu asiyejua hata bei ya mchele. Amepokea 90,000, amelipa 135,000. Hiyo ni nusu nzima juu ya alichopata, kwa mwezi mmoja. Na hapo tumemtazama aliyefaulu. Yule aliyeuguliwa na mtoto, au aliyenyeshewa na mvua ya masika hata wateja wasije, hukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, na kwa wa tatu ili amlipe wa pili.

Halafu kuna rehani. Mkopeshaji huandika katika daftari lake vitu vya ndani: friji, jiko la gesi, cherehani, runinga, godoro. Siku ya kushindwa huja na vijana wenye nguvu na kirikuu cha kubebea, wakaingia hadi chumbani, majirani wakitazama. Cherehani iliyokuwa ikimpatia fundi riziki huondoka. Na pamoja nayo huondoka uwezo wa kulipa kile kilichosababisha ichukuliwe. Wako waliohama mtaa usiku, ziko ndoa zilizovunjika kwa mkopo uliofichwa. Haya hayahitaji kuthibitishwa kwa msomaji anayekaa katika vitongoji hivyo. Ayajua kuliko mimi.

Serikali haikunyamaza. Bunge lilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, iliyowaweka wakopeshaji hao chini ya leseni na usimamizi; na mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha watu bila idhini. Hayo ni mema. Lakini sheria ya nchi humfikia upesi mwenye ofisi na mwenye programu. Yule wa daftari na kalamu, apitaye kibanda kwa kibanda jioni, hujulikana zaidi na majirani zake kuliko na Benki Kuu. Na wengine wao, ikifika Jumapili, wameketi kanisani katika viti vya mbele. Hapo ndipo mahali ambapo sheria nyingine ingepaswa kusema. Je, yasema?

Na tuifungue Torati. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, chakataza kumtoza maskini riba. Tena chaamuru kwamba mtu akichukua vazi la maskini kuwa rehani, alirudishe kabla jua halijachwa, kwa sababu hana jingine la kujifunika usiku. Mambo ya Walawi, sura ya 25, yaongeza kwamba ndugu aliyefilisika ategemezwe, asitozwe riba wala asiuziwe chakula kwa faida. Na hukumu hiyo yamhusisha hata mgeni akaaye pamoja nawe. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, laweka mwaka wa saba kuwa mwaka wa kuachilia madeni, na kumwonya tajiri asiufanye mkono wake kuwa mgumu kwa kuona mwaka huo wakaribia. Na sura ya 24 ya kitabu hicho yasema mambo mawili ambayo ni kama yameandikwa Tandika. La kwanza, ni marufuku kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana anayelichukua amechukua uhai wa mwenyewe. La pili, mkopeshaji anayefuata rehani asiingie katika nyumba ya mdeni. Asimame nje, na mdeni mwenyewe ndiye amletee.

Msomaji na atulie kidogo juu ya mambo hayo mawili. Jiwe la kusagia lilikuwa chombo cha kazi cha kila nyumba. Bila hilo hapakuwa na unga, na bila unga hapakuwa na mkate. Cherehani ya fundi wa Temeke ni jiwe la kusagia. Friji ya muuza maji na juisi ni jiwe la kusagia. Pikipiki ya kijana wa bodaboda ni jiwe la kusagia. Ama kizingiti cha mlango, hicho Torati imekifanya mpaka. Mdeni ana deni, lakini ana heshima pia. Na nyumba yake, hata iwe chumba kimoja cha kupanga chenye pazia badala ya mlango, ni nyumba yake. Mwenye fedha amepewa haki ya kudai. Hakupewa haki ya kuingia.

Wala walimu wa Kiyahudi waliokuja baadaye hawakuyaacha maneno haya yawe mapambo. Katika Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200 baada ya Kristo, imeelezwa kwamba aliyeshika mto wa kulalia kuwa rehani aurudishe usiku, na aliyeshika jembe alirudishe mchana, ili kila chombo kiwe kwa mwenyewe saa anayokihitaji. Tena imeelezwa kwamba katika mkopo wa riba hakosi mkopeshaji peke yake: mkopaji amekosa, mdhamini amekosa, mashahidi wamekosa, na wenye hekima wakamwongeza hata mwandishi wa hati. Fikiri, msomaji, ni watu wangapi wa mtaa mmoja wa Kinondoni wangeguswa na hukumu hiyo: wakala, mdhamini, shahidi, na yule anayegonga mhuri huku akijua.

Sasa twende kwa Yesu wa Nazareti, ambaye husemwa kuwa ameyafuta hayo. Yeye mwenyewe, katika Mathayo sura ya 5, akana kwamba amekuja kuitangua Torati. Katika sinagogi la Nazareti, kama aelezavyo Luka katika sura ya 4, alichagua kusoma kwa nabii Isaya habari ya mwaka uliokubaliwa wa Bwana, na wafasiri wengi huuona humo mwangwi wa yubile, mwaka ule wa hamsini ambao watu waliachiliwa na mashamba kurudi kwa wenyewe. Katika Luka sura ya 6 ataka wafuasi wake wakopeshe hata pasipo kutumaini malipo. Basi je, hapo amri ya Musa imelegezwa au imekazwa? Musa alikataza faida juu ya mkopo wa maskini. Yesu atia hofu hata juu ya rasilimali yenyewe. Anayesema kwamba Injili imemfungulia mlango mtoza riba amesoma Injili nyingine.

Na huo upendo wenyewe, ambao huwekwa kama ukuta kati ya dini hizi mbili, umetoka wapi? Umetoka katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, aya ya 18. Ndipo ilipo amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako. Na aya tano tu juu yake ndipo ilipo amri ya kutolaza ujira wa kibarua hadi asubuhi. Yesu hakuitunga amri hiyo, aliinukuu. Katika Marko sura ya 12 aliulizwa na mwandishi mmoja wa Kiyahudi habari ya amri iliyo kuu. Alipojibu, mwandishi yule aliafiki, na Yesu akamsifu kwamba hayuko mbali na ufalme wa Mungu. Katika Luka sura ya 10 ni mwanasheria wa Kiyahudi mwenyewe atoaye jibu, na Yesu ndiye anayeafiki. Hillel, mwalimu mkuu aliyeishi kabla kidogo ya wakati huo, alipotakiwa na mtu wa mataifa amfundishe Torati yote katika muda wa kusimama kwa mguu mmoja, alimwambia asimtendee mwenziwe analolichukia yeye mwenyewe, kisha akamtuma aende akajifunze yaliyobaki, kwa kuwa yote ni ufafanuzi. Rabi Akiva naye aliitaja ile amri ya jirani kuwa ndiyo kanuni kuu ya Torati. Hapa hapana dini ya sheria upande huu na dini ya upendo upande ule. Pana upendo wenye sheria, na sheria yenye upendo, katika nyumba zote mbili.

Watakuja wapinzani, na ni haki wasikilizwe mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema kwamba sheria zile ziliwahusu Wayahudi wa kale, nasi hazituhusu. Namuuliza: fungu la kumi je? Kwa maana katika baadhi ya makanisa ya vitongoji vyetu nabii Malaki, sura ya 3, husomwa karibu kila Jumapili, wakati wa kukusanya sadaka, na maskini huambiwa kwamba asipotoa amemwibia Mungu. Hiyo nayo ni Torati. Tena yako makanisa yanayotundika bendera ya Israeli madhabahuni, yanayopuliza pembe za kondoo na kuuza mafuta yasemwayo kuwa yametoka Yerusalemu. Basi twaona ajabu: pembe ya Wayahudi imepokewa, mafuta yamepokewa, zaka imepokewa, sheria ya mkopo ndiyo iliyokataliwa kwenye forodha. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, lakataza kuwa na mawe mawili ya mizani katika mfuko mmoja, zito la kununulia na jepesi la kuuzia. Mhubiri aikamataye Torati anapopokea na kuiachilia anapotakiwa kutoa, mfuko wake una mawe mawili. Na nabii Amosi, sura ya 2, aliwakemea watu waliojinyosha kando ya madhabahu juu ya mavazi waliyoyachukua kuwa rehani. Ingefaa mchungaji wa leo aulize, kabla hajabariki viti vipya na vipaza sauti vipya, fedha hizo zimetoka katika godoro la nani.

Tena mpinzani huyu ajue kwamba hoja yake ni ya zamani na ilikwisha kuhukumiwa. Yapata mwaka 144 Marcion, mtu wa Ponto, alifundisha mjini Rumi kwamba Mungu wa Wayahudi si Mungu wa Yesu, na kwamba vitabu vyao vitupwe. Kanisa la Rumi lilimtenga. Wakristo waliamua tangu hapo kwamba vitabu hivyo ni vyao pia. Na aliyekubali kurithi shamba amekubali na mipaka yake. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki tuna mfano wa mtu aliyelipeleka jambo hili mbali zaidi. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda, alisoma Biblia ileile iliyoletwa na wamisionari, akaona kwamba Torati imo ndani yake na haijafutwa. Mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi. Wafuasi wake, Abayudaya, wako karibu na Mbale hadi leo, ingawa utawala wa Idi Amin uliwapiga marufuku. Simwambii Mkristo yeyote afuate njia ya Kakungulu. Nasema tu kwamba msomaji yule hakudanganyika kuhusu yaliyoandikwa.

Mpinzani wa pili atasema: mbona Wayahudi wenyewe ndio wenye sifa ya riba? Naye atanionyesha Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, inayoruhusu kumtoza mtu wa taifa jingine. Hii ni hoja ya kweli, wala sitaificha. Aya hiyo ipo, nayo ni pungufu kuliko nyingine. Lakini mgeni wa aya hiyo si yule mgeni mkazi ambaye Walawi yamlinda. Wafasiri wengi humwona kuwa mfanyabiashara apitaye, anayekopa ili apate faida, si ili ale. Na walimu wa Talmudi walipoifasiri Zaburi ya 15, walimhesabu kuwa mwadilifu yule asiyetoza riba hata kwa mtu wa mataifa. Ama sifa ile mbaya, historia yake ni ya aibu, na aibu si ya Wayahudi. Katika nchi nyingi za Ulaya za zama za kati walizuiwa kumiliki ardhi, wakazuiwa kuingia katika vyama vya mafundi, wakasukumwa kwenye kazi ya kukopesha. Wafalme wakawatoza kodi kubwa, kisha watu wakawachukia kwa kazi waliyosukumiwa. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290. Nao wafalme wake hawakukosa riba, kwani walikopa kwa Wakristo wa Italia.

Na hapa nina neno kwa wenzangu wa fasihi. Katika Kenya mkopeshaji wa riba huitwa Shylock, na jina hilo limeanza kusikika hata kwetu. Ni jina la Myahudi wa tamthilia ya Shakespeare, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri na kuitoa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kwa Kiingereza jina la tamthilia lamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika mabepari, kwa wingi. Haidhuru alikusudia nini. Wingi huo watufundisha kuusoma mchezo vizuri zaidi. Venisi nzima yaishi kwa biashara na fedha, Mkristo na Myahudi, na mwenye kisu si yeye peke yake mwenye njaa. Mkopeshaji wa Mbagala si Myahudi. Ni jirani yetu, asema lugha yetu, na mara nyingi aabudu pamoja nasi. Kumwita kwa jina la Myahudi ni kumsingizia aliye mbali dhambi ya aliye karibu, tena dhambi ambayo kitabu cha yule aliye mbali ndicho kilichoikataza kwanza.

Mpinzani wa tatu ataniletea mfano wa talanta, ambamo bwana amlaumu mtumwa kwa kutoiweka fedha kwa watoa riba. Jibu ni fupi. Mfano si amri. Katika mifano ya Yesu yuko pia kadhi dhalimu na wakili mdanganyifu, wala hapana ajengaye maadili yake juu yao. Tena fedha ya mfano huo haikukopeshwa mjane. Torati haikugombana na faida ya wafanyabiashara wawili wanaokubaliana hasara na pato. Iligombana na faida itokanayo na njaa.

Wa nne ndiye mwenye nguvu, nami namheshimu. Atasema: ukiondoa riba, nani atakopesha? Maskini atakosa hata huo mkopo mchungu. Shida hii Wayahudi waliiona zamani kuliko sisi. Hillel yuleyule alipoona matajiri wanakataa kukopesha kwa kuuogopa mwaka wa saba, aliweka utaratibu uitwao prozbuli, ambao kwao deni lilikabidhiwa baraza la hukumu lisifutwe, ili mlango wa maskini kukopa usifungwe. Angalia vema: alilinda rasilimali ya mkopeshaji, hakumhalalishia riba. Katika karne ya 12 Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria aliyeishi Misri, alipanga daraja nane za sadaka, na daraja ya juu kabisa hakumpa yule atoaye kwa siri, bali yule ampaye mwenziwe mkopo, au ubia, au kazi, hata asihitaji tena kuomba. Mjini New York chama cha Kiyahudi cha mikopo isiyo na riba kilianzishwa mwaka 1892, nacho chakopesha hadi leo. Wakristo nao hawakukaa bure: Wafransisko wa Italia walifungua nyumba za rehani za maskini, mojawapo ikiwa ile ya Perugia mwaka 1462, ili kuwaokoa watu na riba kubwa, na Calvin, ambaye Waprotestanti humtaja kuwa alihalalisha riba, katika barua yake ya mwaka 1545 alikataa isitozwe kwa mhitaji.

Na je, kwetu? Wanawake wa Magomeni na Mtoni wana upatu. Kila mmoja hutoa sawa, na kila mmoja hupokea kwa zamu, wala hapana azidishiwaye senti. Wameufanya kwa miaka mingi bila wakala na bila kirikuu cha kubebea magodoro. Asemaye kwamba pasipo riba hapana mkopo na awaulize hao.

Mara nyingi mkopeshaji hujifunika kwa methali: dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli, wala Torati haikusema vingine, na Zaburi yamhesabu asiyelipa kuwa mwovu. Lakini tuangalie methali zetu juu ya deni zamwambia nani. Dawa ya deni ni kulipa. Kukopa harusi, kulipa matanga: zote mbili zamwonya mkopaji. Zinafaa, ila zimeacha nusu ya jambo. Torati na Injili zamgeukia yule mwingine. Zamwambia mwenye fedha wapi asimame, kitu gani asiguse, saa ngapi arudishe, na mwaka gani aachilie. Huo ndio utajiri wa pekee wa urithi huu, kwamba katika habari ya deni wa kwanza kuhojiwa ni mwenye nguvu. Nehemia, sura ya 5, aliposikia kilio cha watu waliokuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, hakuwakusanya wadeni awahubirie uvivu. Aliwakusanya wakuu, akawaambia warudishe.

Tena sisi Watanzania tuna sababu yetu ya kunyamaza kimya mbele ya sheria hii na kuiheshimu. Mwishoni mwa karne ya 20 makanisa na vyama vya nchi nyingi viliungana katika kampeni ya Jubilee 2000, vikidai nchi maskini zisamehewe madeni. Jina hilo halikutoka kwa wachumi. Lilitoka katika Mambo ya Walawi, sura ya 25. Nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizopata msamaha, ikafikia hatua ya mwisho ya mpango huo mnamo Novemba 2001. Basi Torati ilipotufaa mbele ya matajiri wa dunia tuliishika kwa mikono miwili. Mathayo, sura ya 18, yasimulia habari ya mtumwa aliyesamehewa deni kubwa, akatoka nje, akamkaba koo mwenziwe kwa deni dogo. Sihitaji kulifafanua fumbo hilo.

Nimesema habari za Wayahudi na Wakristo, kwa kuwa hao ndio somo langu. Lakini mtu hawezi kuandika juu ya Temeke akamsahau Mwislamu, ambaye neno riba kwake halihitaji tafsiri, na ambaye Kurani yamwamuru ampe muhula mdeni aliye na dhiki. Iwapo Mkristo wa Tandika aona haya kujifunza kwa Myahudi aliye mbali, basi na amwulize jirani yake wa ukuta mmoja.

Yafaa sasa kusema litendwe nini, kwa maana insha inayokemea bila kuelekeza ni kelele. Kwanza, kila kanisa lililoko katika vitongoji hivi litangaze wazi kwamba mshirika wake anayekopesha maskini kwa riba hiyo, au kubeba chombo cha kazi cha mdeni, au kuingia chumbani mwake, ametenda dhambi inayohesabiwa sawa na nyingine zinazomwondolea mtu ushirika. Mzinzi huitwa mbele ya wazee. Mkausha damu huitwa mbele kusoma risala. Pili, sehemu ya zaka, ambayo hutolewa kwa amri ya Torati, itumike kwa kusudi la Torati: iwe mfuko wa mikopo isiyo na riba kwa mama lishe, fundi na mchuuzi, kwa dhamana ya majirani na si ya godoro. Tatu, Serikali, ambayo mwaka 2024 ilirejesha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iongeze katika sheria zake orodha ya vyombo visivyoweza kuwekwa rehani. Nne, sisi wa vyuo tuufundishe Uyahudi kwa vitabu vyake wenyewe, Mishna na Talmudi na Maimuni, si kwa masingizio ya wapinzani wake. Azimio la Vatikani la mwaka 1965, Nostra Aetate, liliukiri urithi wa kiroho ulio wa dini hizi mbili kwa pamoja. Miaka zaidi ya hamsini yatosha kwa ungamo hilo kufika Mbagala.

Watu wawili waliorithi kitabu kimoja waweza kubishana kwa karne nyingi juu ya Masihi, nao wana haki ya kubishana. Lakini juu ya jiwe la kusagia hapana ubishi kati yao, hapakuwapo, wala hapatakuwapo. Myahudi aamini asivyoamini Mkristo, na Mkristo aamini asivyoamini Myahudi, wote wawili wameamriwa kusimama nje ya mlango wa maskini. Aliyeingia ndani na kubeba cherehani asitafute kitabu cha kumtetea. Katika vitabu hivyo viwili hakimo.